Roboti na sayansi ya vitendo kwa watoto: maswali tunayoulizwa mara kwa mara hapa Mwanza

Kila Jumamosi asubuhi tunakutana na watoto wa shule za msingi katika darasa la kuazima huku Ilemela, tunafundishana sayansi kwa kutengeneza vitu. Maswali hayakauki. Mengine tunaulizwa getini na mzazi aliyemleta mtoto kwa bajaji, mengine walimu wenzetu wanatutumia WhatsApp usiku, na mengine wanauliza watoto wenyewe. Nimeandika hapa yale yanayorudi tena na tena, pamoja na majibu ambayo mengi tumefundishwa na watoto kuliko na vitabu.

STEM ni kitu gani hasa, na roboti inaingiaje humo?

Ni kifupisho cha Kiingereza cha sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati. Shuleni kila somo lina kipindi chake, na mtoto anayaona kama wageni wasiojuana. Lakini akitengeneza kigari kinachosimama kabla hakijagonga ukuta, yote yanakutana mezani kwake siku moja. Umeme unazungusha mota, hesabu inamwambia gurudumu linakwenda sentimita ngapi kwa mzunguko mmoja, programu inaamua kisimame lini, na boksi la viatu linataka kukatwa vizuri ili lisilegee. Roboti ni mahali pa kuyakutanisha. Mtoto anaweza kuyakutanisha pia kwenye mtumbwi wa karatasi ya alumini au kwenye roda ya kibuyu cha maji, na kwa wadogo tunaanza huko.

Je, haya si mambo ya kisasa tu yatakayopita?

Yana umri mkubwa kuliko wazazi wengi wanaouliza. Mwaka 1967 nchini Marekani Seymour Papert, mwanahisabati aliyezaliwa Afrika Kusini, pamoja na wenzake walitengeneza Logo, lugha ya kompyuta ya watoto. Mtoto alikuwa anamwamuru kobe wa mashine aende mbele hatua kadhaa, ageuke nyuzi kadhaa, na kobe anachora mstari alikopita. Mtoto aliyetaka kuchora mraba alilazimika kujua pembe ya nyuzi 90 kwa sababu aliihitaji, hata kama mwalimu hakuitaja ubaoni. Wazo la Papert lilikuwa kwamba mtu hujenga maarifa kichwani vizuri zaidi anapojenga kitu cha kuonekana kwa mikono yake.

Na hapa Mwanza tusijifanye tunaanza leo. Jina la Makoroboi limetokana na koroboi, taa za mafuta ya taa zilizotengenezwa na mafundi kwa mabati chakavu. Watoto wetu wanatengeneza magari ya maboksi yenye magurudumu ya ndala tangu zamani. Mtoto anayekata ndala iliyochakaa mpaka ikawa duara ameshaanza uhandisi. Anachokosa ni mtu mzima wa kumuuliza: kwa nini hili la nyuma linayumba?

Mtoto aanze akiwa na umri gani?

Akiweza kushika mkasi bila kujikata, aanze kukata na kubandika. Miaka 6 mpaka 8 tunacheza na vitu vinavyoelea na kuzama, wenzo, roda na vivuli. Miaka 9 mpaka 11 sakiti ya betri na taa, halafu mota. Kuandika programu kwa kupanga vipande vya rangi kunawezekana tangu miaka 8 hivi. Kulehemu sakiti, yaani kuunganisha waya kwa madini ya risasi yaliyoyeyushwa, tunasubiri mpaka afike 12, tena mtu mzima akiwa pembeni.

Hatuna kompyuta, na umeme ni wa kubahatisha. Tunaweza kuanza kweli?

Mnaweza, na ningependa muanze hivyo hata kama kompyuta zipo. Vifaa vya mwezi wa kwanza vinatoka jirani. Nenda kwa fundi redio wa mtaani kwenu umwombe mota za redio kaseti na deki mbovu. Ndani ya deki moja ya DVD mara nyingi kuna mota zaidi ya moja, gia za plastiki na springi. Ongeza maboksi, vijiti vya mishikaki, vifuniko vya chupa, ndala zilizokatika, nyaya za simu za zamani, betri kubwa na ndogo. Kule mwaloni Kirumba, kwenye soko la samaki, utapata vipande vya uzi wa nyavu visivyo na kazi, na hakuna kamba bora kuliko hiyo kwa roda.

Kazi ninayoipenda kuliko zote kwa kuanzia ni mkono wa haidroliki. Unanunua duka la dawa mabomba mapya ya sindano, moja la mililita 5 na jingine la mililita 20, bila sindano zenyewe. Msiokote kabisa yaliyotumika. Unayaunganisha kwa mpira mwembamba uliojaa maji yenye rangi. Mtoto akisukuma bomba dogo, kubwa linasogea taratibu lakini kwa nguvu inayomshangaza. Akisukuma kubwa, dogo linaruka mbali lakini kidole tu kinalizuia. Wapeni watoto wawili washindane kusukumana, mmoja na dogo, mmoja na kubwa, na msiseme neno. Tuliwahi kuona kijana mkubwa wa darasa la saba akishindwa na mdogo wake wa la nne, akakasirika, akadai wabadilishane mabomba. Walipobadilishana akashinda. Akanyamaza, akayatazama yale mabomba mawili, kisha akasema, "Kumbe jeki ya lori ndiyo hivi." Hilo ni fundisho la mwanasayansi Mfaransa Pascal kuhusu shinikizo, na alilipata kabla hajalisikia jina lake.

Programu nayo inafundishika kwa chaki. Chora miraba sakafuni, mtoto mmoja awe roboti, mwingine amwamuru: mbele mbili, geuka kulia, mbele moja. Roboti hafanyi asichoambiwa. Kila mara kuna anayesahau kumwambia mwenzake asimame, na kila mara roboti huyo anaendelea mpaka kwenye dawati. Hapo ndipo watoto wanaelewa kwamba mashine haina akili ya kukisia ulichomaanisha.

Siku mkipata bodi ya kompyuta, inaweza kuendeshwa kwa pawabenki ya simu. Kuweni macho tu: baadhi ya pawabenki hujizima zenyewe zikiona kifaa kinakula umeme kidogo mno, na mtadhani mmeharibu kitu.

Roboti ya kweli ina nini ndani yake?

Ina vitu vitatu: kinachohisi, kinachoamua na kinachotenda. Kihisi kinapima kitu, labda mwanga, umbali, joto au unyevu. Bodi yenye kompyuta ndogo inasoma kipimo hicho na kufuata maagizo iliyopewa. Mota, taa au kengele inatenda. Na betri ya kuvilisha vyote.

Nieleze kihisi kimoja, kwa sababu sisi watu wa jiji la mawe tuna bahati nacho. Kinaitwa HC-SR04, kina macho mawili kama ya bundi. Jicho moja linapiga sauti kali sana ya mawimbi 40,000 kwa sekunde, ambayo sikio la binadamu halisikii, na jicho la pili linangoja mwangwi. Kabla hatujakitoa kwenye mfuko, tunawapeleka watoto kwenye miamba ya kilimani wapige kelele. Sauti inasafiri kama mita 340 kwa sekunde hewani. Ukisimama mita 85 kutoka kwenye mwamba, sauti inakwenda 85 na kurudi 85, jumla 170, kwa hiyo mwangwi unakufikia baada ya nusu sekunde. Watoto wanahesabu kwa saa ya simu, wanakosea kidogo, wanarudia. Wakirudi darasani na kuambiwa kwamba kidude hiki kinafanya walichofanya wao, hakuna anayeuliza kwa nini tunagawanya kwa mbili.

Kihisi hicho kinapima kuanzia sentimita 2 mpaka mita 4 hivi. Tulikifunga chini ya mfuniko wa simtanki kitazame maji. Uso wa maji ukiwa mita moja chini, mwangwi unarudi baada ya kama sehemu 6 za elfu moja za sekunde. Maji yakishuka, muda unaongezeka, taa nyekundu inawaka. Nyumba ambayo maji ya bomba yanakuja kwa zamu inaelewa faida yake bila kuelezwa. Tatizo tulilokutana nalo ni mvuke: ndani ya tanki unashika kwenye yale macho na vipimo vinaruka ovyo. Watoto wamejaribu kukivalisha kikombe cha plastiki kilichotobolewa. Kinasaidia kidogo, na bado wanatafuta njia.

Tununue bodi gani? Arduino au micro:bit?

Kwa shule ya msingi yenye pesa kidogo na mwalimu anayeanza, micro:bit ni rafiki zaidi. Ilitengenezwa Uingereza kwa mradi wa BBC, na mwaka 2016 watoto wa huko walianza kugawiwa bure. Ina vitaa 25, vitufe viwili, na vihisi vya mwendo na dira ndani yake, kwa hiyo mtoto anafanya jambo siku hiyo hiyo bila kuunganisha waya hata mmoja. Inaweza pia kupokea programu kutoka kwenye simu.

Arduino ilianzia mji wa Ivrea, Italia, mwaka 2005. Inamtaka mtoto aunganishe nyaya mwenyewe, na kwa hiyo inamfundisha umeme zaidi. Michoro yake iko wazi kwa kila mtu, ndiyo maana bodi zinazofanana nayo zinatengenezwa na wengi na zinauzwa kwa bei nafuu. Kwa darasa la saba na sekondari mimi ningechagua hii.

Msinunue seti ghali yenye vipande vya plastiki vinavyoingiliana tu na vipande vya kampuni hiyo hiyo. Kipande kikipotea, mradi umekufa. Boksi likichanika, kesho kuna boksi jingine.

Tufundishe kwa Kiswahili au Kiingereza?

Swali hili linaniuma, kwa sababu nimeona watoto wenye akili nyingi wakinyamaza kwa ajili ya lugha tu.

Katika shule nyingi za serikali mtoto anasoma msingi kwa Kiswahili, halafu kidato cha kwanza sayansi inageuka Kiingereza kwa ghafla. Anajua sehemu za wenzo: egemeo, mzigo na jitihada. Anakuta maneno mengine ubaoni na kudhani ni vitu vingine. Sisi tunaanza na wazo kwa lugha ambayo mtoto anaitumia kufikiri, iwe Kiswahili au Kisukuma. Akishakuwa na wenzo mkononi, akajua kwamba akisogeza egemeo karibu na mzigo kazi inakuwa nyepesi, ndipo tunampa jina la Kiingereza, na anaandika yote mawili kwenye daftari moja, mstari mmoja. Mwaka unaofuata hilo daftari linamfaa kuliko kamusi.

Scratch, programu ya bure ya watoto ya kupanga vile vipande vya rangi, iliyotoka chuo cha MIT cha Marekani mwaka 2007, inaweza kubadilishwa ikawa ya Kiswahili kwenye sehemu ya kuchagua lugha, na inafanya kazi bila intaneti ikishapakuliwa. Walimu wengi hawajui hilo. Pakueni mara moja mahali penye mtandao mzuri, mhamishe kwa flashi.

Itamsaidia mtoto wangu kwenye mtihani?

Nikuambie ukweli, mzazi. Kwa wiki za kwanza unaweza usione chochote, na mtihani wa taifa haumwulizi mtoto namna ya kufunga mota. Lakini maswali ya umeme, mashine rahisi, uwiano, mzingo wa duara na kusoma jedwali yanakuja, na mtoto aliyepima mzingo wa gurudumu lake kwa uzi hausahau. Mitaala mipya iliyoanza kutumika mwaka 2024, kufuatia Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, toleo la 2023, nayo inasisitiza umahiri na vitendo. Mwalimu wake akiona anachofanya Jumamosi, anaweza kukitumia darasani Jumatatu.

Ila usimtoe kwenye hesabu za kuandika ukidhani roboti itachukua nafasi yake. Jedwali la kuzidisha bado analihitaji, tena zaidi.

Roboti imekataa kufanya kazi na watoto wamekata tamaa. Tufanye nini?

Hapa ndipo somo lilipo, na hapa ndipo walimu wengi, mimi nikiwa mmoja wao kwa miaka, tunaliharibu kwa kunyoosha mkono na kurekebisha.

Wasichana wawili wa darasa la sita walitengeneza kigari cha mota mbili. Magurudumu waliyakata wenyewe kwenye ndala ya buluu. Walikiweka sakafuni, wakabonyeza swichi, kikaanza kupinda kushoto mpaka kikachora duara na kurudi miguuni kwao. Mmoja akasema betri imekufa. Wakabadilisha betri, kikapinda kushoto kwa kasi zaidi. Wa pili akasema waya wa kushoto umelegea. Nikawauliza swali moja tu: mtajuaje kama ni waya? Wakakaa kimya. Kisha mmoja akasema, "Tuzibadilishane. Ugonjwa ukihama, ni waya."

Wakahamisha nyaya, ya kushoto kulia na ya kulia kushoto. Kikapinda kushoto vile vile. Basi si waya, akaandika yule wa daftari, na akapiga mstari chini yake. Wakachomoa magurudumu, wakabadilishana pande. Kikapinda kulia. Walipiga kelele mpaka darasa la jirani wakachungulia.

Wakaweka gurudumu juu ya gurudumu, wakaona moja ni dogo. Wakachukua uzi wa nyavu, wakazungushia kila moja, wakapima kwa rula: sentimita 20 na sentimita 18. Kwa kila mzunguko upande mmoja ulikuwa unabaki nyuma sentimita 2, kwa mizunguko 10 sentimita 20. Kigari kingewezaje kwenda sawa?

Mimi niliona tofauti ya magurudumu tangu kilipoanza kupinda. Kunyamaza dakika 40 kulinigharimu, lakini ile njia ya kubadilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja na kutazama kama ugonjwa unahama, wale wasichana wanayo mpaka leo. Mmoja aliitumia nyumbani kumwonyesha mama yake kwamba taa ni nzima, tatizo ni soketi.

Basi kitu kikikataa, kanuni zetu ni hizi: badilisha kimoja tu kwa wakati, andika kabla ya kubadilisha, na mwalimu anaruhusiwa kuuliza ila haruhusiwi kushika.

Mota haizunguki na bodi imekuwa ya moto. Kwa nini?

Pengine mmeiunganisha mota moja kwa moja kwenye mguu wa bodi, yaani pale pa kuchomekea waya. Mguu wa Arduino Uno umekusudiwa kutoa kama miliampea 20, na mota ndogo inapoanza kuzunguka inataka mamia. Ni kama kumtwisha mtoto gunia la mpunga. Katikati pawepo bodi ya kuendeshea mota, kama L298N, na mota ziwe na betri zake. Waya hasi za pande zote mbili ziunganishwe pamoja. Kwa taa ya LED nyekundu kwenye volti 5, weka resista, kidude cha kupunguza mkondo wa umeme, ya omu 220, vinginevyo itawaka vizuri sana kwa muda mfupi na kufa.

Ni salama?

Ni salama mkifuata masharti, na kuna machache ambayo hayana mjadala na mtoto yeyote. Umeme wa ukutani, volti 230, hauguswi kwa mradi wowote. Televisheni za zamani zenye mgongo mkubwa hazifunguliwi na watoto hata kama hazijachomekwa, maana ndani kuna sehemu zinazotunza umeme. Betri za lithiamu zinazotolewa kwenye kompyuta na pawabenki mbovu hatuzitumii na watoto wa msingi; waya zake zikigusana zinaweza kushika moto. Hata betri ya kawaida ya volti 9 haiwekwi mfukoni pamoja na sarafu au funguo. Kijana wetu mmoja aliweka, akatoka nduki darasani akijipiga paja. Hakuungua, lakini tangu siku hiyo kila betri inavalishwa kipande cha utepe wa gundi kwenye ncha zake.

Baada ya kulehemu wote wananawa mikono kwa sabuni, kwa sababu ya risasi.

Kuna miradi inayohusu ziwa letu?

Ipo, na ndiyo inayowapa watoto heshima mtaani. Mmoja hauhitaji umeme kabisa: kisahani cha Secchi. Mwaka 1865 padri na mwanasayansi wa Italia, Angelo Secchi, alipima uwazi wa maji ya bahari kwa kushusha kisahani cheupe mpaka kipotee machoni. Kwa maziwa siku hizi kinatumika cha sentimita 20, robo nyeusi robo nyeupe. Watoto wanakata mfuniko wa ndoo, wanaupaka rangi, wanafunga jiwe chini na kamba yenye fundo kila sentimita 10. Wanashusha, wanahesabu mafundo kisahani kikipotea, wanaandika tarehe na hali ya hewa. Baada ya mvua kubwa, kwenye ghuba inayopokea mito na mitaro ya mjini, mafundo yanapungua. Mtoto anayechora grafu hiyo kwa miezi mitatu ana jambo la kumweleza mwenyekiti wa mtaa.

Mwingine ni taa ya kuvulia dagaa usiku. Wavuvi walitumia karabai kwa miaka mingi, na sasa wengi wanatumia taa za LED za betri na sola. Watoto wanaunda taa inayoelea kwenye chupa, inayojiwasha giza likiingia kwa kihisi cha mwanga. Tunaijaribu kwenye beseni.

Sharti letu la ziwani ni moja: hakuna anayekanyaga maji. Kichocho kipo kwenye fukwe zetu, na kinaingia kwa ngozi ya mguu uliosimama majini. Tunapima tukiwa juu ya gati au kwenye boti, mtu mzima yupo, majaketi ya kujiokolea yamevaliwa.

Nina wanafunzi 90 na seti moja ya vifaa. Nitafanyaje?

Mwalimu mwenzangu, usiiweke seti mbele ya wote ukawa unaonyesha wewe. Watakaa nyuma wakiona migongo. Gawa vikundi 15 vya watoto sita. Kikundi kimoja kiwe na seti, vingine viwe na kazi za maboksi, sakiti za betri na hesabu za kigari hicho hicho, kisha zamu izunguke kwa wiki. Ndani ya kikundi kila mtu awe na kazi yake: mjenzi, msoma mchoro, mwandishi, mtunza vifaa, mpimaji, msemaji. Badilisheni kila dakika 15 kwa kengele, la sivyo mjenzi atabaki yule yule mwenye sauti kubwa, na mara nyingi ni mvulana, na msichana atageuzwa mwandishi kwa sababu "ana mwandiko mzuri".

Tuliletewa vifaa vya msaada lakini vimefungiwa kabatini.

Nimeliona hilo kwenye shule moja ambayo sitaitaja. Boksi lilifika kwa sherehe na picha, likaingia ofisini, na miaka miwili baadaye lilikuwa bado na utepe. Walimu waliogopa kulipishwa kitu kikiharibika. Siwalaumu, hofu yao ilikuwa ya kweli. Dawa ni kukubaliana kabla: kamati ya shule iandike kwenye muhtasari kwamba vifaa hivi vitachakaa na kuharibika kwa matumizi, na hakuna mwalimu atakayekatwa mshahara kwa waya uliokatika. Daftari la kutoa na kurudisha lisimamiwe na wanafunzi wawili. Tangu tulipofanya hivyo kwetu, vinavyopotea ni vichache kuliko tulivyoogopa.

Mimi sikusoma sayansi. Nitamsaidiaje mwanangu?

Mzazi mmoja, fundi wa injini za boti, alikuja kumchukua binti yake akamkuta anahangaika na gia. Akaomba kukaa. Alichukua kipande cha chaki akawaeleza watoto kwa nini pangaboi ya injini inazunguka polepole kuliko injini yenyewe, na gia zinafanya nini hapo katikati. Alikuwa anarudia kusema, "Mimi shule nilikomea la saba." Watoto walimuuliza maswali kwa saa nzima.

Kila nyumba ina mtu kama huyo: mshona nguo anayejua mvutano wa uzi, mama anayechoma mkaa kidogo na kuivisha sana, bibi anayejua dagaa wamekauka kwa sauti yao mkononi. Mwulize mtoto wako jioni, "Leo nini kilikataa, na mmejuaje sababu?" Usimwulize kama ameshinda.

Kuna mashindano anayoweza kushiriki?

Kwa sekondari yapo maonesho ya Young Scientists Tanzania, yaliyoanzishwa mwaka 2011, ambapo wanafunzi wanapeleka utafiti walioufanya wenyewe. Kimataifa kuna FIRST Global, mashindano ya roboti ya vijana yanayofanyika kila mwaka tangu 2017, kila nchi ikituma timu moja. Kwa watoto wa msingi sisi tunawaita majirani. Mtoto anasimama mbele ya shangazi yake na mwenye duka, anaeleza kitu chake kinafanyaje kazi, na anajibu maswali.

Mwalimu, naweza kwenda nayo nyumbani?

Hili linaulizwa na kila mtoto, kila Jumamosi, saa sita kasoro. Chochote cha boksi, ndala, betri na mota ya redio ni chako, nenda nacho. Bodi na kihisi vinabaki, kwa sababu wiki ijayo kuna mwenzako anavingoja. Lakini programu yako tumeihifadhi kwa jina lako, na ukirudi utaikuta ilipoishia.